Maziwa ya Zaina na jicho la baba yake

Jumapili, katikati ya kiangazi. Hakuna wingu, lakini hata jua lenyewe halionekani vizuri, maana moshi wa fulu yetu umelala juu ya mtaa tangu asubuhi na hautaki kuondoka. Nguo nilizofua jana zinanuka moshi. Mimi mwenyewe nanuka moshi. Roho haijatulia hata kidogo, ndiyo maana nimekaa na simu mkononi badala ya kukaa kwenye cherehani.

Leo nimemnyima mume wangu maziwa.

Najua mkisoma hivyo mtacheka, hasa dada yangu aliye Salamabila, ambaye husoma blogu hii ili apate cha kunitania. Cheka tu, dada. Ukimaliza kucheka endelea kusoma, kwa sababu mimi leo nimelia, na nadhani sijamaliza.

Nianze na fulu. Wasio wa huku Kasongo huenda wanaliita tanuri: matofali mabichi yanapangwa mpaka yanapita kichwa cha mtu, chini yanaachwa mashimo ya kutia kuni, tunayoyaita midomo, kisha juu panapakwa tope na moto unawashwa. Amisi, mume wangu, na wenzake watatu wana likelemba ya matofali, yaani mchango wa zamu. Hawachangi fedha, wanachanga migongo yao. Kiangazi hiki wanamfyatulia huyu, kiangazi kijacho yule, mpaka kila mmoja apate nyumba ya matofali ya kuchoma. Mwaka huu zamu ni yetu. Tangu tuoane tunakaa kwenye nyumba ya miti na udongo, na kila mvua zikija kuna ukuta unapiga magoti. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa dirisha la cherehani yangu.

Kwa hiyo sitaki mtu aseme sikuitaka ile fulu. Niliitaka kuliko wote.

Lakini kazi hii inakula watu, na inawala polepole huku wakicheka. Wanachimba udongo kule bondeni, wanamwaga maji, wanaukanyaga pekupeku tangu kunakucha. Ndani ya tope lile mna vipande vya chupa, mna mizizi, mna wadudu wanaoingia miguuni. Nyayo za Amisi zimepasuka hivi kwamba usiku zinakwaruza shuka. Kiangazi kilichopita ukingo wa shimo ulimporomokea mmoja wao mpaka kiunoni. Walimfukua kwa mikono, wakamcheka kwa jinsi alivyopiga kelele, wakarudi kazini. Papa Kalume, ambaye ndiye mkubwa wao, akikohoa mtoto wangu anashtuka usingizini, na yeye yuko nje kabisa. Ukimuuliza anasema ni moshi tu, kana kwamba moshi ni mgeni atakayekunywa maji na kwenda zake.

Na juu ya yote hayo kuna macho.

Anayetunza moto lazima ainame kwenye mdomo wa fulu na kutazama ndani. Hakuna namna nyingine ya kujua kama matofali ya katikati yameiva. Wanatazama, wanarudi nyuma machozi yakiwatoka, wanatazama tena. Na huku kwetu dawa ya macho yaliyounguzwa na moshi ni maziwa ya mama. Tena si mama yeyote. Lazima awe ananyonyesha mtoto wa kike, maana wazee wanasema maziwa ya mtoto wa kiume yana moto na ya mtoto wa kike yanapoza.

Mimi ninanyonyesha Zaina.

Basi tangu fulu ya kwanza ya kiangazi hiki nimekuwa farmasi ya mtaa mzima. Wanatuma kizibo cha chupa, najikamulia ndani, kizibo kinarudi. Nilikuwa naona raha, sitaficha. Niliwatania kwamba nitafungua duka, nitundike kibao. Mama mkwe wangu, anayekaa nasi, aliwaambia majirani kwamba mukwe wake ana mkono mzuri wa dawa. Ni mara chache sana mama mkwe amenisifia kitu, kwa hiyo nilikamua kwa moyo mweupe.

Fulu yetu ina sheria zake mbili, na hizo nazo nizieleze maana ndizo zimenifikisha hapa. Ya kwanza: aliyewasha moto havuki barabara mpaka midomo ya fulu izibwe. Anaweza kuja uani kwetu, kwa kuwa tuko upande uleule, anaweza kula na kulala hapo kiwanjani, lakini akivuka barabara moto unamfuata na kuyaacha matofali mabichi. Ya pili: mama anayenyonyesha hakaribii fulu inayowaka. Akikaribia, matofali yanapasuka na maziwa yanamkauka. Mimi mpaka wangu ni mwisho wa shamba letu la muhogo. Naweka sahani hapo, naita, naondoka.

Amisi ndiye aliyewasha.

Siku ileile ya kuwasha, gogo moja bichi lililipuka ndani ya mdomo wa fulu na cheche ikamruka kwenye jicho la kushoto. Nilisikia kelele, kisha nikasikia kicheko, nikajua hajafa. Kizibo kikaja. Nikakamua. Kesho yake kikaja mara mbili. Nilipouliza anaendeleaje niliambiwa anaendelea vizuri, ni kuwasha tu kidogo. Jana kizibo kilikuja mpaka Zaina akaanza kuona wivu.

Leo asubuhi amekuja mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anamenya muhogo uani, mimi nilikuwa namfunga Zaina nepi. Amisi ameingia amejifunika kitambaa kichwani mpaka juu ya pua, kama mtu anayeogopa vumbi. Ameniletea kizibo kwa mkono wake, na bila kunisalimia vizuri akasema:

"Mama Zaina, leo unipatie ya kutosha. Ile kidogo kidogo haifikake ndani."

Nimemwambia aondoe kitambaa nimwone. Hakutaka. Nimekiondoa mwenyewe.

Jicho lilikuwa jekundu lote, limevimba, linatoa maji mazito ya rangi ya usaha. Hilo lilinitisha lakini si sana, kwa kuwa nimeshaona macho ya moshi. Nilimgeuza kwenye mwanga. Hapo ndipo nikaona, juu ya ile sehemu nyeusi, kidoa cheupe. Kidogo sana, kama chembe ya unga wa muhogo. Nilifikiri ni maziwa yaliyobaki. Nikajaribu kukipangusa kwa ncha ya kikwembe nilichojifunga, naye akaruka kama aliyechomwa sindano. Hakikuwa juu ya jicho. Kilikuwa ndani yake.

Nikakumbuka siku ya kupima watoto. Muuguzi wa kituo cha afya alituuliza akina mama kama bado tunatia watu maziwa machoni. Tulitazamana, tukacheka. Naye akasema maziwa ya mama ni chakula, na kidonda cha jicho ukikipa chakula unawalisha wadudu walio ndani yake, wakati mgonjwa anapoteza siku za kutibiwa. Nakumbuka mama mmoja alinong'ona kwamba muuguzi ni kijana bado, hajawahi kuchoma fulu. Tukacheka tena.

Ule mnong'ono ulikuwa mtamu sana siku ile. Leo umenikaa kooni.

Nikamrudishia kizibo kitupu.

"Hakuna maziwa," nikasema. "Enda kwa docta."

"Namna gani hakuna? Unaninyima?"

"Ndiyo. Nakunyima."

Mnajua lile neno lilivyo zito kwetu. Unaweza kumkasirikia mume, unaweza kumkimbilia kaka yako, lakini kumnyima kitu mbele ya mama yake, tena kitu kinachotoka mwilini mwako!  Amisi amenitazama kwa lile jicho lake moja, na sijawahi kumwona ana sura ya aibu namna ile, kama mtoto aliyefukuzwa kwenye sahani. Kisha amejifunika kitambaa chake akarudi kwenye moto.

Mama mkwe hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliweka kisu chini, akaokota kizibo, akakifuta kwa kidole gumba.

"Ngambo ya mto iko mama Riziki," akasema. "Naye iko na mutoto mwanamuke. Yeye hatamunyima mutoto wangu."

Akafunga kikwembe chake vizuri, akaondoka na kizibo.

Nimekaa hapo uani. Niliwaza: akirudi na yale maziwa, Amisi atayatia. Atayatia leo, atayatia kesho, na fulu bado haijaiva. Kichwa changu kikaanza mashindano na chenyewe. Nikamfuate mama mkwe? Nikamwite muuguzi aje? Angekuja siku ya Jumapili? Na kama kidoa kile si kitu, kama nimelichafua jina langu bure? Na kama ni kitu, si ni mimi niliyekuwa nakamua asubuhi na jioni huku nikitabasamu? Zaina alianza kulia. Nikamfunga mgongoni, na miguu yangu ikaanza kwenda.

Nimepita sahani ya jana pale mwisho wa shamba. Nimepita.

Sijui niwaambie nilikuwa jasiri. Hapana. Niliogopa kwa kweli, tena niliogopa vyote viwili: niliogopa matofali yapasuke na niliogopa maziwa yanikauke. Mimi nimesoma, nina blogu, lakini maziwa ni ya mtoto wangu na sina mengine ya kununua dukani. Nilibana matiti kwa mikono yangu miwili kama mtu anayeficha kuku wa wizi, nikaendelea kutembea. Joto lilinipiga usoni kabla sijafika. Sikujua kwamba ni kali hivyo. Miaka yote naletewa habari za fulu kwa mbali, leo ndiyo nimejua mume wangu anasimama wapi.

Wa kwanza kuniona ni Papa Kalume. Aliinua mikono yote miwili.

"Weee, Mama Zaina! Rudia nyuma! Uko na mutoto mugongoni!"

Wale wengine wawili wakaacha kuni. Amisi alikuwa ameinama kwenye mdomo wa fulu. Alisikia jina langu akainuka, na ninyi mngeona jinsi alivyogeuza kichwa kunitafuta, huku na huku, kabla hajaniona.

"Unafanya nini?" akasema. "Utaharibu matofari yetu! Hii yote ni ya nyumba yako!"

Sikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nalia. Nilichosema kilitoka chenyewe.

"Matofari tutafyatula ingine. Jicho, tutafyatulia wapi?"

  Nilidhani Amisi atanifukuza, au atanipiga, ingawa hajawahi. Nikasogea hatua nyingine, maana nilikuwa nimeshaharibu na sikuona faida ya kusimama mbali.

Papa Kalume akaanza kukohoa. Alikohoa akashika magoti, akatema pembeni, akakaa juu ya gogo. Halafu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Basi, imeisha," akasema. "Mama mwenye kunyonyesha amekwisha fika kwa moto. Kama fulu imeharibika, imeharibika leo. Sasa Amisi, wewe unalinda nini hapa? Enda. Sisi tutabakia na moto."

Nilichukua muda kumwelewa. Amisi alimwelewa kabla yangu, nikaona mabega yake yakishuka. Sheria ilikuwa imemfunga alinde moto usiharibike. Mimi nimeuharibu. Basi hana tena cha kulinda, yuko huru kama mtu yeyote wa njiani. Sikuwa nimefikiria hivyo hata kidogo. Ningesema nilipanga, lakini hii ni shajara yangu, nimdanganye nani?

Tulipofika barabarani, maana kituo cha afya kiko ng'ambo, alisimama ukingoni. Pikipiki zilipita, watu wa misa walipita na nguo zao nzuri. Nilimshika mkono wa shati. Aliangalia nyuma kwenye moshi, akasema jina la Mungu, akavuka. Tukapanda pikipiki, mimi nyuma, yeye katikati, Zaina mgongoni analala kana kwamba hakuna lililotokea.

Muuguzi alikuwepo. Ni yuleyule kijana. Alimlaza Amisi, akawasha tochi, akatazama kwa muda mrefu. Akauliza tumetia nini.

Amisi aligeuzia uso wake ukutani.

"Maziwa yangu," nikasema.

Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Hakufanya hivyo. Aliniambia polepole kwamba kuna kidonda juu ya kioo cha jicho, kwamba kilianza na ile cheche na sasa kimeingiwa na wadudu, na kwamba yeye hapo hana vifaa vya kutosha. Akasafisha, akatia dawa ya mafuta, akalifunika taratibu. Akaandika karatasi ya kwenda lopitali kubwa kesho asubuhi bila kukosa.

"Sitawadanganya," akasema. "Ile jicho, sijui. Mungekuja siku ya kwanza, ningejua ya kusema. Lakini mumekuja, na kuja ni muzuri." Kisha akamgeukia Amisi. "Uliweka maziwa ku jicho moja, ao yote?"

"Yote," Amisi akasema. "Ile ingine ilikuwa inalia kwa moshi tu. Nilisema nayo ipate."

Muuguzi akaandika kitu. Sikuuliza ni nini. Nilipaswa kuuliza, sasa najua, lakini Zaina alikuwa ameamka na analia, na Amisi alikuwa ameshakaa kitini anatafuta viatu vyake.

Tumerudi. Mama mkwe alikuwa uani, kizibo mkononi, kimejaa. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yetu. Mtaa huu hauhitaji simu. Alimtazama mwanawe na kile kitambaa cheupe usoni. Nilisubiri maneno. Akamwaga maziwa ya mama Riziki chini, kwenye maganda ya muhogo, akaja kumfungua Zaina mgongoni mwangu. "Kula kwanza," akaniambia. Hakusema kingine mpaka sasa, na mimi sijui kama nimesamehewa au nimeahirishiwa.

Nimekula. Nimemnyonyesha Zaina. Ameshika titi, ameliacha, amelia.  Nikajikamua kidogo kiganjani nione. Yapo. Baada ya muda nikajikamua tena. Yapo bado. Najua ni upuuzi, najua muuguzi angenicheka safari hii yeye, lakini nimefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba nguo yangu imelowa kifuani.

Matofali sijui. Papa Kalume amepita kuchukua chumvi, nikaogopa kumuuliza, naye hakuniambia. Alikohoa mlangoni hapo mpaka nikamwambia na yeye aende kwa yule kijana akamsikilize kifua. Akasema fulu ikifungwa. Nikamwambia na Amisi alikuwa anangoja hivyohivyo. Amenitazama, akachukua chumvi yake, akaenda. Nitamwambia tena. Nimeanza, sasa sitaacha hata wakinichoka.

Sasa jua linaelekea kushuka lakini bado kuna mwanga mzuri, naandika bila kuwasha kitu. Amisi amekaa kwenye kiti mlangoni, la kushoto limefunikwa, la kulia liko wazi. Fulu iko mbele yake, ng'ambo ya shamba la muhogo. Kutoka hapa nilipo nawaona wanaume wote watatu wazi kabisa, mmoja anabeba kuni, wawili wanakanda tope la kuziba midomo. Namwona hata Papa Kalume anavyoshika kiuno.

Sasa hivi Amisi ameniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kugeuka:

"Mama Zaina, wale watu wako palepale, ao wamekwisha kurudi kwao?"

Nimemjibu wako. Nimemjibu kwa sauti ya kawaida pia, sijui nimeipata wapi.

Kesho tunaondoka mapema. Nitamwambia daktari aangalie yote mawili.